Neno Kutamalaki

Yako mazoea ya kuupima utenzi kama mtu apimaye kitambaa dukani: mizani nane kila kipande, vina vitatu vipatane, cha nne kidumu toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, basi, kazi imekwisha. Sheria hizo twaziheshimu, na marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alitufaa sana alipozitia kitabuni mwaka 1954. Lakini aliyehesabu mizani bado hajausoma utenzi.

Tutwae kazi ya Hemed bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, juu ya vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888. Wadachi walivipa jina la Maasi ya Waarabu. Utenzi waitwa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Lishikeni neno hilo, kutamalaki: ni kuingia katika milki na kuishika. Kwa neno moja twaambiwa ni nani aliyemwendea mwenziwe. Na alindaye kwake ataitwaje mwasi?

Hata hilo "Waarabu" lataka kuulizwa. Bwana Heri wa Saadani, aliyeshikilia vita hata mwaka 1890, alipigana pamoja na Wazigua. Abushiri, ambaye asili yake ilikuwa ya Kiarabu kweli, alikamatwa bara, katika nchi ya Uzigua, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Basi mtu wa Handeni akiusoma utenzi huu hasomi habari za wageni. Wala mtu wa Korogwe, ambaye mto upitao kwake ndio uendao kumwagika Pangani.

Na kile kina cha mwisho, kwa maoni yetu, si pambo. Tenzi zilitungwa zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Vina vitatu hubadilika kila ubeti, habari ikienda mbio. Cha nne hurudi pale pale, msikilizaji ajue ubeti umetimia, apumue. Macho yakipita kimya juu ya karatasi, kazi hiyo haionekani. Ndiyo sababu twashauri usomwe jioni, mmoja akisoma na wenziwe wakisikiliza, katika nyumba za wafanya kazi wa mkonge au barazani Handeni. Ulichapwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ukachapwa tena mwaka 1960. Nakala za zamani hizo si nyingi, nasi twamwomba aliye nayo asiifungie sandukuni.