Kutazama ndege Msambweni: Familia yaweza kuanza bila darubini

WENGI hudhani kwamba kutazama ndege ni starehe ya watalii wenye darubini za bei ghali. Dhana hiyo inawanyima wakazi wa Msambweni hazina iliyo mlangoni mwao.

Anayeanza hahitaji zaidi ya macho, daftari na subira. Familia itoke mapema, kabla jua halijawa kali, kwani huo ndio wakati ndege wengi hutafuta chakula. Nguo ziwe za rangi iliyofifia na mazungumzo yawe ya chini. Watoto wafundishwe kujiuliza maswali matatu: Je, ndege huyu ni mkubwa au mdogo kuliko njiwa? Mdomo wake una umbo gani? Anakula nini?

Mahali pazuri pa kuanzia ni Gazi, penye njia ya mbao inayotunzwa na kikundi cha kina mama katikati ya mikoko. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali matopeni. Yakianza kujaa, husogezwa karibu na ufuo. Hapo utamwona yangeyange akivizia samaki, na sululu, ambaye mdomo wake mrefu uliopinda humwezesha kuwachokoa kaa mashimoni. Sululu huzaliana kaskazini mwa dunia na kuikimbia baridi ya huko, ndiposa Oktoba hadi Aprili ni msimu wa wageni wengi.

Hondohondo atafutwe misituni, kama vile Shimba Hills au Kaya Kinondo, ambako mgeni hujifunga kaniki na kufuata miiko ya wazee.

Yuko pia ndege wa kuogopewa: kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka. Alivuka hadi bara, akawa mla mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori nchini (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Asichanganywe na kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe. Kila rundo la taka tunalolitupa ovyo humlisha mgeni huyo.

Hatimaye, msikaribie viota wala kuwafukuza ndege ili mpige picha. Andikeni mlichokiona, pamoja na tarehe na mahali. Baada ya miaka michache daftari hilo litaonyesha ni nani aliyetoweka. Na mtoto anayemjua ndege kwa jina huona vigumu kumlenga kwa manati.