Ua la Kibera na Swali la Jina

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja, mkaazi wa Kianda, Kibera, aliniletea tawi lenye maua ya manjano yaliyoingia ukijani. Alikuwa amelichuma ukingoni mwa Msitu wa Ngong Road. "Mwalimu," akaniuliza, "jirani yetu anasema haya ni mitoo. Mama anasema ni magugu tu. Nani mkweli?"

Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa mimea. Hata hivyo, swali la jina ni swali langu, basi tukaliangalia ua pamoja. Lina petali tano: moja imesimama nyuma mithili ya bendera, mbili ni mabawa, na mbili za chini zimeungana kama mkuku wa jahazi. Hiyo ndiyo alama ya maua ya kunde na maharagwe. Kila jani limegawanyika vijani vitatu. Ganda limevimba, na likikauka mbegu hulia ndani kama kayamba. Ndipo wataalamu wakaliita kundi hili Crotalaria, kutokana na neno la Kigiriki la ala ya kugonganishwa.

Ukubwa wa ua, rangi yake, na umbo la kindege aning'iniaye kwa mdomo vilitufikisha kwenye Crotalaria agatiflora, kichaka cha asili cha nyanda za juu za Afrika Mashariki. Chozi hukijia kufyonza mbochi.

Jirani, basi, aliutambua ukoo, akakosea mtu. Mitoo ya Waluo, ambayo Waluhya huiita miro, ni ndugu wa ua hili, lakini maua yake ni madogo. Kosa hilo si dogo jikoni, kwani baadhi ya aina za Crotalaria zina sumu inayodhuru ini.

Na mama je? Gugu ni mmea uotao pasipotakiwa. Lakini jina Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Mmea huu ni mwenyeji. Sisi na mabati yetu ndio tuliokuja baadaye.

Walimu wenzangu, aghalabu tunawafunza watoto ngeli ya maua pasi na kuwafunza ua hata moja. Watumeni wawaulize nyanya na babu zao majina ya mimea iliyo karibu, kwa lugha zote za mtaa, wayaandike pamoja na mahali na tarehe. Penye shaka, pana Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na kabla ya kupata jibu mmea usiingie chunguni.

Mwanafunzi wangu ameandika jina la kisayansi daftarini. Mbele ya neno "Kiswahili" ameacha nafasi wazi. Nimemwambia asiijaze kwa "gugu".