Kiswahili cha Hesabu, Programu za Mazungumzo na Vyungu vya Lyulilo

Lyulilo ni kijiji cha mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Kyela, mwendo mfupi mashariki ya Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone yashuka karibu kugusa maji. Siku ya Jumamosi huwapo soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya jirani huvifinyanga kwa mkono, kisha vyungu hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa ufukoni kuuzwa. Katika soko hilo husikika Kikisi, Kinyakyusa na Kiswahili, na mtu mmoja huweza kuzitumia lugha zote tatu katika mapatano ya chungu kimoja. Kijana wa hapo aliyesoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi huikuta lugha ya nne, Kiingereza, afikapo sekondari. Akitaka kujifunza kutumia programu ya hesabu katika kompyuta huikuta ya tano, nayo ni lugha isiyosemwa na mtu yeyote: lugha ya amri.

Kwa hiyo swali la kama programu za mazungumzo zaweza kumsaidia mwanafunzi wa namna hii si swali la wataalamu wa kompyuta peke yao. Kwa sehemu kubwa ni swali la lugha, na hasa la istilahi.

Yafaa kwanza kutenganisha vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Programu ya hesabu ni chombo cha kukokotoa kwa kanuni. Mojawapo ni Maxima, ambayo asili yake ni programu ya Macsyma iliyoanza kutungwa mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani. William Schelter aliitunza tangu mwaka 1982, na mwaka 1998 alipata idhini ya kuitoa iwe huru kwa watu wote. Nyingine ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mjini Salzburg mwaka 2001, ambayo huchora maumbo na kufanya kazi hata katika simu. Na SageMath, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005. Mtumiaji hailipii hata moja kati ya Maxima na SageMath. Kizuizi si bei bali ni amri zenyewe, kwa kuwa nukta moja au mabano yaliyosahauliwa hutosha kuifanya mashine ikatae kazi.

Programu ya mazungumzo ni kitu kingine kabisa. ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na wenzake waliofuata, ni matunda ya kile ambacho baadhi ya watu hukiita akili mnemba, wengine akili unde, na wengine akili bandia. Hata jina lake bado lina mashindano. Msingi wake ni kukadiria kipande cha neno kinachoelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyopitishwa. Haianzi kwa kuhesabu. Huanza kwa kusema. Ndiyo maana programu za kwanza za aina hii zilikosea kuzidisha tarakimu nyingi huku zikijibu kwa ufasaha usio na wasiwasi wowote. Watungaji wenyewe waliiona kasoro hiyo, na mwezi wa Machi 2023 ChatGPT iliunganishwa na chombo cha Wolfram ili maneno yashughulikiwe na mmoja na hesabu zishughulikiwe na mwingine. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaomfaa mwanafunzi pia. Asiiombe programu ya mazungumzo jawabu. Aiombe amri, kisha jawabu alipate katika programu ya hesabu.

Chukua mfano wa chungu cha mviringo, ambacho ndani yake kina umbo la tufe lililokatwa juu. Tuseme kipenyo cha ndani ni sentimita 30 na kipenyo cha mdomo ni sentimita 24. Mwanafunzi ataka kujua chungu hicho huchukua maji kiasi gani. Huweza kuandika hivi: “Nipe amri ya Maxima ya kutafuta ujazo wa chungu hiki, unieleze kila sehemu ya amri hiyo, wala usinipe jawabu.” Programu ikielewa vema, itaanza kwa kutafuta umbali kutoka katikati ya tufe hadi mdomoni. Nusukipenyo cha tufe ni 15 na cha mdomo ni 12. Kwa kanuni ya Pithagorasi umbali huo ni 9. Baada ya hapo chungu hufikiriwa kuwa kimekatwa vipande vyembamba vya mviringo, mfano wa chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine kutoka kitakoni mpaka mdomoni. Amri itakuwa hii:

integrate(%pi*(15^2 - x^2), x, -15, 9);

Neno la kwanza huiambia mashine ijumlishe vipande vyote. Alama ya asilimia iliyotangulia pi huonyesha kwamba pi hiyo ni ile namba ya duara, wala si jina la kubuni. Kilichomo katika mabano ni eneo la kipande kilicho mahali x. Namba mbili za mwisho ni mwanzo na mwisho wa safari: sentimita 15 chini ya katikati, na 9 juu yake. Nukta na mkato ndiyo tamati ya sentensi. Maxima hujibu 4032 mara pi, yaani sentimita za ujazo 12,667 hivi, ambazo ni lita 12 na theluthi mbili. Maelezo kama haya, yakitolewa kwa Kiswahili kwa mtu anayeanza, ni msaada mkubwa. Kitabu cha amri humpa maana ya kila neno lakini hakimpi sentensi. Programu ya mazungumzo humpa sentensi, naye huweza kuuliza tena na tena bila kumwonea mtu haya. Faida hii ya mwisho haipaswi kudharauliwa. Mwanafunzi asiyethubutu kuinua mkono darasani kwa kuwa Kiingereza chake hakijakomaa huthubutu kuandika.

Hatari huanza pale Kiswahili chenyewe kinapokuwa na maneno yaliyokaribiana. Vitabu vya shule za msingi hufundisha kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 16 ni 256, bali kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Irabu moja yatenganisha majawabu hayo mawili, na vidole vikiteleza juu ya kioo cha simu irabu hiyo hupotea. Mwalimu angetambua kusudi kutokana na swali zima. Mashine huweza kulitambua, au huweza kuendelea na neno ililoliona. Jozi ya kipenyo na nusukipenyo ina hatari ileile. Ikiwa 30 itachukuliwa kuwa nusukipenyo, tufe zima litatoka na lita 113, yaani maji yenye uzito wa kilo 113. Hakuna atakayekiinua chungu hicho kutoka mtumbwini. Mtu wa Lyulilo atacheka papo hapo, na kicheko hicho ni kipimo bora cha jawabu kuliko ufasaha wa maelezo.

Namba nazo zina mitego yake. Mtu akiandika kwa maneno kwamba mapato ya soko ni “elfu kumi na mbili”, huenda amekusudia 12,000, na sarufi hairuhusu kusema kwamba 10,002 haiwezekani. Anayetaka kuondoa shaka husema “kumi na mbili elfu”, au huandika tarakimu. Laki, ambayo sokoni ni neno la kila siku kwa 100,000, haina mwenzake katika Kiingereza cha kawaida. Mtumbwi uliofika saa mbili asubuhi huweza kuingizwa katika jedwali kuwa umefika saa 2:00, yaani usiku wa manane kwa hesabu ya Waswahili, hali ulifika saa 8:00 kwa hesabu ya kompyuta. Makosa haya hayana kelele. Programu ya hesabu haitayakataa, kwa maana amri ni sahihi na ni maana tu iliyopotoka njiani.

Upo pia mchanganyiko wa lahaja za programu zenyewe, ambao mtaalamu wa lugha atautambua mara moja kuwa ni jamaa wa mwingiliano wa lugha. Katika Maxima alama ya kofia ^ huonyesha kipeo, hivyo 15^2 ni 225. Katika lugha ya Python kipeo huandikwa kwa nyota mbili, na kofia ina kazi nyingine kabisa, ya kulinganisha tarakimu za jozi. Huko 15^2 hutoa 13. Hapana onyo, hapana lawama: 13. Vilevile katika Maxima thamani huwekwa kwa nukta mbili, mfano R: 15, na alama ya sawasawa huandika mlinganyo tu bila kuhifadhi chochote, katika Python alama ya sawasawa ndiyo inayohifadhi. Programu ya mazungumzo, ambayo imepita katika maandishi ya lugha hizi zote, huweza kukopa desturi ya moja na kuitia katika nyingine, kama mtu aliyekulia penye lugha tatu. Tofauti ni kwamba mtu huyo husikilizwa na wenziwe na kusahihishwa.

Kwa nini Kiswahili kipate taabu zaidi hapa? Sababu mojawapo ni ya umbo. Mashine hulikata kila neno vipande kabla ya kulishughulikia. Neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi hubaki kipande kimoja, bali neno kama “yatakapokokotolewa” hukatwa vipande kadhaa, wala si lazima vipande hivyo vilingane na viambishi na mzizi. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni uchache wa maandishi. Hesabu za shule ya msingi zimeandikwa sana kwa Kiswahili. Za juu zimeandikwa kidogo mno, kwa kuwa sekondari na vyuo hufundisha kwa Kiingereza. Mashine inayofika mahali pasipo maandishi hainyamazi, hubuni. Neno la Kiingereza lenye maana ya kazi na pia ya uhusiano wa namba huweza kutoka likiwa “kazi” tu, na mwanafunzi akaambiwa “achore kazi”. Neno linalohusu kiwango cha mabadiliko huweza kutafsiriwa kwa istilahi ya unyambulishaji, nayo ni mali ya wanasarufi. Msomaji wa jarida la lugha atatabasamu. Mwanafunzi hana sababu ya kutabasamu, kwa kuwa hajui kwamba neno hilo limezaliwa jana katika mazungumzo yake mwenyewe.

Jambo hili ni jipya katika historia ya istilahi. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ambayo kazi yake iliingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili lililoundwa mwaka 1967, zilifanya kazi kwa vikao: neno lilijadiliwa, likakubaliwa, ndipo likatangazwa. Kwa njia hiyo ilipatikana kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Kwa njia ya bidii namna hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuipa programu ya OpenOffice sura ya Kiswahili mwaka 2004, pamoja na jedwali lake la hesabu. Leo neno huweza kumfikia mwanafunzi kabla kikao hakijaitishwa, na watu wawili wakiuliza jambo moja siku moja huweza kupewa maneno mawili mbalimbali. Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuzipiga marufuku programu hizi. Shauri hilo halifai, kwa kuwa wa kwanza kudhurika angekuwa yule aliye mbali na maktaba. Kinachokosekana ni maandishi: vitabu vya hesabu za juu kwa Kiswahili, vyenye istilahi moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mazoezi yaliyofanywa hatua kwa hatua. Orodha ya maneno peke yake haitoshi, kwa maana mashine, kama mtoto, hujifunza neno kwa kulikuta katika sentensi nyingi.

Wakati vitabu hivyo vinangojewa, mwanafunzi ana njia za kujilinda. Iliyo bora ni kuiambia programu irudie swali kwa maneno mengine kabla ya kuandika amri. Ikisema “nusukipenyo ni 30”, kosa limekamatwa mlangoni. Afadhali pia aweke katika daftari neno la Kiswahili, la Kiingereza na la amri katika mstari mmoja, na kuyapeleka yote matatu katika swali lake. Amri mpya aijaribu kwanza kwa umbo ambalo jawabu lake lajulikana. Akibadili 9 kuwa 15 katika amri iliyotajwa juu, chungu huwa tufe zima, na Maxima haina budi kujibu 4500 mara pi, sawa na kanuni ya darasani. Isipojibu hivyo, kosa limo katika amri.

Mwisho hubaki chungu chenyewe. Mfinyanzi hakutengeneza tufe, alitengeneza chungu, na kitako chake huweza kuwa bapa kidogo kuliko kanuni isemavyo. Mwanafunzi akikijaza kwa kopo la lita moja pale ufukoni, pengine atapata lita 12 kamili au 13 kasoro. Hapo swali lake la pili kwa programu ya mazungumzo litakuwa gumu zaidi na zuri zaidi: namna ya kupima upana wa ndani wa chungu kila baada ya sentimita tatu kwenda juu, kuziingiza namba hizo katika GeoGebra, na kupata mstari unaolifuata tumbo la chungu hicho hasa, wala si la tufe.