Weka mlinzi kwenye mlango wa intaneti nyumbani

MFANYABIASHARA wa Nengo anayevusha bidhaa kwenda Goma anajua maana ya kizuizi. Pale Petite Barrière anayetoka hukaguliwa, na anayeingia hukaguliwa. Lakini nyumbani kwake, kompyuta yenye hesabu za duka, majina ya wateja na madeni ya ng'ambo ya mpaka iko kwenye mtandao mmoja na simu za watoto, televisheni na simu ya kila mgeni aliyepewa nywila. Hapo hakuna mlinzi.

Wengi hudhani kile kisanduku cha kampuni ya intaneti, yaani ruta, kinatosha. Kinasaidia, lakini vingi hukaa miaka bila programu yake kusasishwa. Mei 2018 wataalamu walitangaza kuwa programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Tena sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 inamtaka anayetunza taarifa binafsi za watu azilinde.

Dawa ipo. Kompyuta kuukuu inaweza kugeuzwe kuwa ruta yenye fayawoli, yaani ukuta wa kinga, isiyofanya kazi nyingine yoyote. Programu zake ni za bure: pfSense iliyoanza mwaka 2004, na OPNsense iliyotokana nayo mwaka 2015.

Tafuta kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya gigabaiti 2 au zaidi na kadi tatu za mtandao. Kadi ya kwanza iunge na modemu ya kampuni, ya pili na kompyuta ya duka, ya tatu na ruta ya zamani, ambayo sasa itarusha Wi-Fi tu kwa familia na wageni. Ruta hiyo izimwe kazi ya kugawa anwani, na waya uingie kwenye tundu la LAN, si la WAN.

Fayawoli hizi hukataa zenyewe kila kinachobisha kutoka nje bila kuitwa. Kwa kadi ya tatu andika kanuni mbili: ya juu ikataze kwenda mtandao wa duka, ya chini iruhusu kwenda intaneti. Ukizigeuza, ulinzi umekwisha, maana husomwa kutoka juu, na ya kwanza inayolingana ndiyo hufuatwa. Nywila iliyokuja na programu ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Piga pia hesabu ya umeme. Kompyuta inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 hivi kwa mwezi. Kijikompyuta cha wati 10 humaliza 7 tu.

Ukuta huu una mipaka yake. Haumzuii tapeli anayepiga simu akijifanya wakala na kuomba namba ya siri, wala haulindi simu inayotumia intaneti ya laini pale mpakani.

Sisi tuliorudi tuna ndugu Goma, Kampala na Dar es Salaam, na siku hizi udugu na biashara vyote hupita kwenye waya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuuzibe mapema.