Binti Mwenye Sumu: Riwaya za Vijana za Wauaji wa Kike na Suala la Kibali

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya riwaya ambayo imepata wasomaji wengi miongoni mwa vijana wa Marekani na Ulaya, hasa tangu mwaka 2012, na ambayo baadhi yetu humu chuoni tunaisoma kwa kuazimana. Ni riwaya ya kihistoria iliyochanganywa na njozi, na mhusika wake mkuu ni msichana aliyefunzwa kuua kwa siri. Tukishaieleza, tutaiuliza swali moja: je, msichana huyo angeweza kuishi Ulyankulu?

Pengine msomaji atashangaa. Kwa nini Ulyankulu na si Dar es Salaam au Lamu? Jibu ni kwamba riwaya hizi zinahitaji mambo matatu: utawala unaogombaniwa, njia ya biashara inayoleta wageni na silaha, na imani kwamba kifo kina mkono wa mtu nyuma yake. Unyamwezi ya karne ya 19 ilikuwa na yote matatu. Ulyankulu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, ilikuwa ndani ya dola ya Mtemi Mirambo, karibu na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Tangu mwaka 1972 ni makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi, na wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo vijana wa pale wana hadithi za vita za pande mbili, na hawahitaji kwenda Ulaya kutafuta historia ya kutisha.

Riwaya zenyewe zikoje?

Mfano mzuri ni Grave Mercy ya Robin LaFevers, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2012. Ni ya kwanza katika mfululizo wa riwaya tatu. Ya pili ilitoka 2013 na ya tatu 2014. Mandhari yake ni Bretagne, nchi ambayo baadaye ilimezwa na Ufaransa, wakati wa Anne, mtawala wa kweli katika historia, ambaye alirithi nchi mwaka 1488 akiwa na umri wa miaka 11 tu, huku wanaume wakubwa wakimgombania kama mali ya mnada.

Mhusika mkuu anaitwa Ismae, binti wa miaka 17. Mama yake alijaribu kuitoa mimba yake kwa sumu, lakini sumu ikashindwa, ikamwachia kovu kubwa mgongoni. Baba anamwoza kwa mwanamume katili. Ismae anatoroshwa na kupelekwa katika nyumba ya watawa wanaomtumikia Mtakatifu Mortain, ambaye ni mungu wa kifo wa zamani aliyevishwa joho la utakatifu. Pale anafundishwa sumu, visu na namna ya kukaa na wakubwa. Kisha anatumwa ikulu kwa Anne. Anapoona alama fulani mwilini mwa mtu, alama ambayo wengine hawaioni, anaamini kwamba Mortain ameagiza mtu huyo auawe.

Hapo msomaji kijana ananaswa, na si ajabu. Msichana aliyekuwa akipigwa sasa anaogopwa. Aliyeuzwa sasa anaamua. Wengine wetu husema kwamba vitabu hivi ni takataka za kigeni zinazowafundisha watoto umwagaji damu. Wengine husema ni ukombozi wa mwanamke, basi, mjadala umekwisha. Mimi naona pande zote mbili zimetazama kisu zikasahau kumtazama aliyekitoa.

Suala la kibali

Ukizichunguza riwaya hizi kwa makini utaona kwamba msichana haui kwa hiari yake. Kuna anayempa kibali. Kwa Ismae ni watawa na mungu wao. Katika Throne of Glass ya Sarah J. Maas, nayo ya mwaka 2012, ambayo mandhari yake ni nchi ya kubuni kabisa, msichana muuaji anatolewa katika machimbo ya chumvi ili ashindanie nafasi ya kumtumikia mfalme yuleyule aliyemfunga. Kibali ndicho kinachomtenganisha na mwuaji wa kawaida. Pia ndicho mnyororo wake.

Hili si jambo jipya. Wale wanaokijua kitabu cha Waamuzi watamkumbuka Yaeli, aliyempa Sisera maziwa, akamfunika, kisha akampigilia kigingi cha hema kichwani. Wakatoliki watamkumbuka pia Yudithi, mjane aliyemkata kichwa Holoferne kwa upanga wake mwenyewe. Wote wawili wanasifiwa kwa sababu hadithi inasema Mungu alikuwa upande wao. Ondoa kibali hicho, unabaki na mwanamke aliyemuua mgeni aliyelala hemani kwake, na mwingine aliyemuua mwanamume aliyelewa.

Jambo la thamani katika Grave Mercy ni kwamba mwandishi mwenyewe anakitilia shaka kibali hiki. Mwishoni Ismae anagundua kwamba ile alama haikuwa amri. Ilionyesha tu kwamba kifo kiko karibu, kwa njia yoyote ile. Watawa walikuwa wameisoma vibaya. Tena anagundua kwamba mwili wake, ambao sumu haiudhuru, unaweza kuinyonya sumu kutoka mwilini mwa mtu mwingine na kumponya. Muuaji anageuka tabibu. Tulishike jambo hili, maana tutalihitaji tutakapofika Unyamwezi.

Mwanamke na chuma katika fasihi yetu

Kabla ya kwenda bara tupite pwani kidogo. Mauaji ya siri yanayojulikana zaidi katika fasihi ya Kiswahili ni ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwe mwaka 1913. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Anayemuua ni mwanawe wa kiume, aliyerubuniwa na Sultani wa Pate. Malipo aliyoahidiwa ni nini? Ni mke, binti wa Sultani. Kwa hiyo muuaji kijana tunaye, tena wa siku nyingi. Ila msichana katika kisa hicho ni mshahara.

Hata hivyo yuko mwanamke mwingine ambaye wahakiki wengi wanampita haraka: Saada, kijakazi. Liyongo alipofungwa, Saada ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, na walinzi walikuwa wakila kilicho kizuri na kuacha makombo. Basi ukaokwa mkate wa wishwa, na ndani yake ikafichwa tupa. Walinzi wakaudharau mkate, wakaudharau na mwenye kuubeba. Saada akapitisha chuma mbele ya macho yao. Hakufunzwa na watawa wowote. Silaha yake ilikuwa ile dharau ya walinzi.

Kwingineko fasihi yetu ina tabia ya kumnyang'anya mwanamke chuma hicho. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), anayewaadhibu ndugu wabaya kwa kuwageuza manyani ni wa kike kweli, lakini ni jini, si binadamu. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), msichana aliyeonewa na baba na kuharibiwa na wanaume hamgeukii hata mmoja wao kwa kisu. Anajiua yeye mwenyewe. Hata riwaya za kihistoria za vijana za Mulokozi, Ngome ya Mianzi (1990) na Moto wa Mianzi (1996), zinazohusu Wahehe na vita vyao dhidi ya Wajerumani, zinatuweka kwenye vita vya wazi vya kulinda nchi. Muuaji wa kike wa siri ni kiti ambacho bado hakijakaliwa.

Unyamwezi: nani alikuwa na kibali?

Sasa twende bara. Katika miaka ya 1860 na 1870 Mirambo alijenga dola yake kwa kutumia rugaruga, vijana wenye bunduki, wengi wao wakiwa watoro na mateka, watu waliokatika kutoka koo zao. Mwaka 1871 alianza vita na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara. Alifariki Desemba 1884. Rugaruga walikuwa na kibali cha kuua, tena hadharani. Kijana wa kiume asiye na ukoo aliweza kupata jina kwa bunduki. Msichana asiye na ukoo, katika njia ileile, aliuzwa.

Haina maana kwamba wanawake hawakuwa na nguvu. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alipata kauli kubwa Unyanyembe kwa kumwoa Karunde, wa nyumba ya Mtemi Fundikira. Mtemi Isike alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 ili asikamatwe na Wajerumani, aliyewekwa kwenye kiti baada yake alikuwa mwanamke, Nyaso. Kwa hiyo ikulu zilizokuwa na wanawake wazito tunazo, na hatuna haja ya kumwazima Anne wa Bretagne.

Tatizo liko kwenye sumu. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (yaani Tabora) mwaka 1857, aliandika kwamba Fundikira alipougua, watu wa nyumba yake walishukiwa kuwa wamemroga, na wakauawa. Tufikiri kidogo maana yake. Katika nchi ile kifo cha mtemi kilitafutiwa mkono wa siri, na macho yaligeukia watu wa ndani: wake, ndugu, wapishi. Yaani yule binti wa riwaya, anayeingia ikulu na dawa kwenye upindo wa nguo, tayari alikuwa ameshabuniwa. Hawakumbuni wasimulizi, walimbuni waaguzi. Na alikuwa na jina: mchawi.

Na jina hili halikuishia karne ya 19. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini sheria haikuifuta hofu. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga miaka mingi baada ya uhuru, hata karne hii, wengine eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho ya mama aliyepika kwa kuni na samadi miaka 50 yatakuwa na rangi gani nyingine? Na wauaji wake mara nyingi wamekuwa vijana wa kukodiwa. Jamani, hapa muuaji wa siri si njozi. Yupo, analipwa, na anayekufa ni bibi.

Mwandishi wa Kiswahili afanye nini?

Basi ndiyo kusema tusiandike? Hapana. Ila tusinakili. Mtu akimchukua Ismae, akambadilisha jina, akampa sumu na mzimu wa kumwagiza aue, kisha akamweka Ulyankulu, msomaji wa Bretagne ya leo atasoma hadithi tu. Msomaji wa Kaliua atasoma ushahidi. Atasema: mnaona, hata vitabu vinakiri kwamba wanawake hawa wapo. Kitabu kitakuwa kimempa kibali mtu mwingine kabisa, yule kijana mwenye panga.

Njia ipo, na Grave Mercy yenyewe imeionyesha bila kujua: alama haikuwa amri. Unyamwezi, kama kwingine, anayejua dawa ndiye anayejua sumu, na mganga na mchawi wanachimba mizizi katika pori moja. Riwaya yetu inaweza kumweka binti huyo pale hasa, kati ya majina mawili. Awe mpishi katika msafara, au mjukuu wa mganga. Aitwe ikulu kuponya, mgonjwa afe, halafu ulimwengu mzima umwite muuaji. Taharuki isiwe juu ya nani atamchoma kisu, bali nani atatajwa. Na kama atapitisha chuma, akipitishe kama Saada, kwa ajili ya kumfungua mtu.

Mhakiki naye asikae akisubiri. Anapoletewa riwaya ya aina hii, ya kwetu au ya kigeni, aiulize maswali matatu. Nani amempa msichana kibali cha kuua? Nani anafaidika na kifo? Na mauaji yakishafanyika, jirani zake watamwita nani?

Hitimisho

Tumeona kwamba riwaya za wauaji wa kike zinawavuta vijana kwa sababu zinampa msichana aliyeonewa uwezo wa kuogopwa. Tumeona pia kwamba uwezo huo ni wa kuazima, na kwamba mwandishi aliye mzuri hulijua hilo. Katika Unyamwezi kuogopwa kwa mwanamke hakujawahi kuwa ushindi wake. Mara nyingi kumekuwa hukumu yake. Mwandishi atakayeliweka hilo katikati ya hadithi atakuwa ametuandikia riwaya ambayo Bretagne haiwezi kutuandikia. Wanafunzi wenzetu wanaotoka Tabora, Urambo, Kaliua na Ulyankulu mnayajua majina ya mizizi na majina ya vijiji. Kalamu ziko kwenu, na anayepinga hoja hizi naye ajibu katika kurasa hizihizi.