Ndama wa chupa akihara, mtoto naye yumo hatarini

Mama mmoja wa hapa Isiolo aliniletea mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ambaye alikuwa amehara kwa siku tano. Mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nilipoifinya ilirudi polepole sana. Baada ya kumwekea dripu, nilimwuliza mama kama kulikuwa na mwingine nyumbani aliyekuwa akihara. Alicheka kidogo. "Hakuna, daktari. Ni ndama tu."

Ndama huyo alikuwa na umri wa majuma mawili. Ng'ombe aliyemzaa alikuwa amekufa, na familia ilikuwa ikimlisha kwa chupa ya soda iliyotiwa chuchu ya mpira. Chupa hiyo ilioshwa katika karai moja na vikombe vya watoto. Msichana wa miaka tisa ndiye aliyemnywesha ndama, kisha akamlisha mdogo wake uji. Niliomba maabara ipime choo cha mtoto kwa rangi maalumu. Vimelea viitwavyo kriptosporidiamu vilionekana.

Ndama wa chupa si wageni katika mji huu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Ng'ombe wengi walikufa na wengine wakakaukiwa na maziwa. Ndama akibaki yatima hulelewa karibu na nyumba, mikononi mwa akina mama na watoto. Ni kazi njema, kwani ndama mmoja huenda akawa ndiye mwanzo mpya wa boma. Lakini inataka uangalifu.

Vimelea hivi huenezwaje?

Kriptosporidiamu huwapata hasa ndama wa juma la kwanza hadi la tatu. Kinyesi cha ndama mgonjwa hubeba vijimayai kwa mamilioni, na binadamu anaweza kuugua kwa kumeza vichache tu. Dawa ya klorini tunayotia katika maji ya kunywa haiviui, wala dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti. Vinavyoviua ni maji yanayochemka na ukavu. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa mikononi.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2013, uliviweka vimelea hivi miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara vibaya kwa watoto wadogo. Ni kweli kwamba watoto wengi huambukizwa na binadamu wenzao. Hata hivyo, ndama anayehara mlangoni ni hatari isiyofaa kupuuzwa, hasa palipo na mtoto mdogo au mtu mwenye virusi vya UKIMWI.

Mlee ndama vyema

Kinga ya mtoto huanzia kwa afya ya ndama. Ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Ndama wa kilo 25 apewe takriban lita mbili na nusu za dang'a katika saa sita za kwanza. Baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Mama yake akiwa amekufa, tafuta dang'a ya ng'ombe mwingine mwenye afya aliyezaa karibuni.

Baadaye mpe maziwa yenye joto kama la mwili, kiasi cha lita mbili na nusu kwa siku, yakigawanywa mara mbili au tatu, na uongeze kadiri anavyokua. Anyonye akiwa amesimama, shingo imeinuka kana kwamba yuko kwenye kiwele. Usimlaze wala kumminia maziwa kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Akihara asinyimwe maziwa. Mwite daktari wa mifugo, naye atakuonyesha maji ya chumvichumvi ya kumnywesha. Vidonge vya watu haviponyi vimelea hivi.

Kanuni za nyumbani

Chupa ya ndama iwe na karai lake na brashi yake. Isafishe kwa sabuni kila baada ya kulisha, chemsha chuchu, kisha vianike juani. Jua la Isiolo ni dawa isiyolipiwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie kwenye zizi la ndama. Anayemlisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na viatu vya zizini vibaki nje. Maziwa ya kunywa yachemshwe daima, kwa sababu ugonjwa wa brusela nao hupitia humo.

Ndama akikataa chupa, akitoka mate mengi na kushindwa kumeza, usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Ukiwa umeguswa na mate yake, osha mahali hapo kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Mtoto akihara

Anza mara moja kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa kama ilivyoandikwa, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itakupa zinki ya siku 10 hadi 14. Mkimbize hospitali akishindwa kunywa, akisinzia kupita kiasi, au ukiona damu katika choo.

Mtoto yule alipona, na ndama alihamishwa nyuma ya nyumba. Lakini kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakionyeshi vimelea hivi. Kama mama yule asingemtaja ndama, nisingeomba kile cha pili. Kwa hiyo daktari akikuuliza ni nani mwingine anayeugua nyumbani, mhesabu na ndama.