Mkaguzi wa Bima Akibisha Hodi

Mfanyakazi wa nchi hii hajengi nyumba kwa mwezi mmoja. Mwaka huu huchimba msingi, mwaka wa pili husimamisha kuta, na bati huenda likangoja mpaka watoto wamalize shule. Nyumba yake ni akiba yake, ni pensheni yake, na ndiyo urithi wa pekee atakaowaachia wanawe. Kwa hiyo hatushangai kuona kwamba mtu wa namna hii, akiisha kuomba bima ya nyumba na kuambiwa kwamba kesho atakuja mkaguzi, hulala kwa wasiwasi. Alfajiri huamka akautoa mtungi wa gesi jikoni, akaning'iniza pazia mbele ya ufa, akawaonya watoto wasiseme kitu.

Hofu hiyo twaielewa, lakini twasema wazi kwamba imekosea njia. Mwenye nyumba anayemficha mkaguzi ufa wa ukuta hamdanganyi mkaguzi. Ajidanganya mwenyewe, na hasara ya udanganyifu huo itamfika siku atakapokuwa hana paa.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini nyumba hukaguliwa. Bima ni mfuko wa wengi. Watu elfu hutoa kila mmoja ada ndogo, na yule mmoja ambaye nyumba yake imeungua hulipwa kutoka katika mfuko huo. Sasa, ikiwa mmoja wao anapikia mkaa chini ya dari ya mbao, na nyaya zake za umeme zimefungwa kwa vipande vya nailoni, naye anatoa ada sawa na jirani aliye mwangalifu, je, hiyo ni haki? La! Huyo anakula jasho la wenzake. Mkaguzi huja kupima hatari ya kila nyumba ili kila mtu atoe kwa kadiri ya hatari anayoileta mfukoni.

Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1752, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kukingiana hasara za moto, na tangu mwanzo nyumba zilikaguliwa kabla ya kuandikwa. Mwaka 1781 chama hicho kiliamua kutozipokea tena nyumba zenye miti mbele yake, kwa kuwa miti iliwazuia wazima moto. Wenye nyumba waliopenda kivuli walijitenga, na mwaka 1784 wakaanzisha chama chao kilichokubali miti. Basi hata wakati ule ukaguzi ulikuwa mapatano: huyu aseme hatari anayoikubali, na yule aseme nyumba aliyo nayo.

Hapa Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli za bima za Bara zikawekwa mikononi mwake. Zanzibar ilipata shirika lake mwaka 1969. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima pamoja na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Twayataja haya ili msomaji ajue kwamba mkaguzi anayebisha hodi ametumwa na kampuni iliyo chini ya sheria, na kwamba akikosewa ana pa kulalamika.

Je, mwenye nyumba atazamie nini? Si kila nyumba hukaguliwa. Kwa nyumba ndogo kampuni yaweza kuridhika na fomu ya maombi na picha. Lakini mkaguzi akija, hana budi kuja kwa miadi, saa za mchana, na kujitambulisha. Mwenye nyumba asione haya kumwomba kitambulisho, wala kuipigia simu kampuni ili kuuliza kama kweli imemtuma mtu.

Akiisha kukaribishwa ataanza nje. Atatazama kuta ni za tofali, za mawe au za udongo; paa ni la bati, la vigae au la makuti; mbao za paa zimeliwa na mchwa au hazikuliwa. Atatazama kama nyumba imo bondeni au kando ya mto, kama jirani ana karakana au ghala la mafuta, na kama gari la zimamoto laweza kupita katika kichochoro kinachofika mlangoni. Ndani ataomba kuonyeshwa mita na sanduku la umeme, swichi zilizoungua, na nyaya zilizoachwa wazi. Jikoni atatazama mtungi wa gesi na mpira wake. Kama bima inahusu wizi pia, atatazama nondo za madirisha, makufuli na ukuta wa ua. Atapiga picha na kuandika.

Tena atauliza maswali. Nani anakaa humu? Wapangaji ni wangapi? Chumba cha mbele ni duka, ni saluni, au ni mahali pa kuchomea vyuma? Je, nyumba huachwa tupu kwa muda mrefu? Amewahi kupata hasara ya moto, mafuriko au wizi? Maswali haya yana sababu. Nyumba ya kulala na nyumba yenye biashara ndani yake hazilingani kwa hatari, na hati nyingi za bima hupunguza kinga ya nyumba iliyoachwa bila mtu kwa siku 30 mfululizo au zaidi.

Yafaa ieleweke pia mkaguzi si nani. Si polisi, si mtoza kodi, wala si bwana wa mipango miji. Hana kazi na kabati la nguo wala sanduku la barua. Kazi yake ni kuiandikia kampuni taarifa, na taarifa hiyo huwa na mwisho wa namna nne: nyumba kukubaliwa, kukubaliwa kwa sharti la kutengeneza jambo fulani kwa muda uliotajwa, kukubaliwa kwa ada kubwa zaidi au kwa kuacha nje hatari fulani, ama kukataliwa. Atakayepewa sharti la kubadili nyaya asinung'unike. Amwite fundi umeme mwenye leseni, atunze risiti, aipelekee kampuni habari kwa maandishi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili maneno yao hayana fumbo lolote.

Jambo linalowaumiza wengi ni thamani. Mwenye nyumba huulizwa nyumba yake ina thamani gani, naye kwa kutaka ada ndogo hutaja nusu. Na tutoe mfano. Nyumba ingehitaji shilingi 80,000,000 kujengwa upya, lakini imekatiwa bima ya shilingi 40,000,000. Moto waunguza vyumba viwili, hasara shilingi 20,000,000. Mwenye nyumba afikiri kwamba atalipwa zote, kwa kuwa hazijafika 40,000,000. Sivyo. Hati nyingi za bima ya moto zina sharti la uwiano: aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara, yaani shilingi 10,000,000. Nusu ya pili itatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mkaguzi akisema kwamba thamani uliyoitaja ni ndogo, usidhani anatafuta kukunyonya. Mwulize hesabu yake na umwonyeshe yako. Na thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuzia, kwa maana kiwanja hakiungui.

Wenye mikopo ya nyumba wana la kuangalia zaidi. Benki hudai nyumba iwe na bima, na fidia huweza kwenda kwanza benki kulipa deni. Mkopaji asiridhike kuambiwa kwamba bima ipo. Aulize imekatwa kwa kiasi gani: kwa kiasi cha deni, au kwa thamani ya nyumba nzima?

Mwenye nyumba naye ana maswali ya kumwuliza mkaguzi na wakala. Aulize juu ya mafuriko na tetemeko la ardhi, kwa kuwa bima ya moto peke yake si lazima iyakinge. Mara nyingi huongezwa kwa ada yake. Wakazi wa mabondeni katika Dar es Salaam wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na watu wa Kagera hawajasahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9 na kuangusha nyumba nyingi. Aulize pia yale yasiyolipwa kamwe. Kuchakaa, kutu na mchwa si ajali; hizo ni kazi za mwenye nyumba mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule aliyeficha ufa. Mficha uchi hazai. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli: mwombaji hana budi kueleza kila jambo kubwa analolijua, hata kama hakuulizwa. Siku ya hasara atakuja mtu wa pili, mkadiria hasara, naye atachimba majivu akitafuta chanzo cha moto. Akikuta kwamba chumba kilichoandikwa cha kulala kilikuwa cha kuchomea vyuma, kampuni yaweza kukataa kulipa, na ada zote za miaka iliyopita zitakuwa zimekwenda bure. Kadhalika aliyebadili matumizi ya nyumba baada ya ukaguzi aitaarifu kampuni mara moja, kabla maafa hayajaitaarifu.

Kwa upande wa haki zake, mwenye nyumba aombe nakala ya taarifa, au walau orodha ya masharti yaliyotokana nayo. Apige picha zake mwenyewe za kila chumba na kuandika orodha ya vyombo vyake, nakala iwekwe nje ya nyumba, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Asitoe fedha mkononi ili taarifa iandikwe vizuri. Rushwa hiyo haikingi paa, nayo ni kosa la jinai. Ada ailipe kwa njia ya kampuni na apewe risiti, kwa maana pasipo ada hapana kinga. Lugha ya hati ikimshinda, asitie sahihi mpaka aelezwe kwa Kiswahili. Akiona ameonewa, aiandikie kwanza kampuni. Isipomsikia, mlango wa Msuluhishi upo.

Twajua kwamba wako wafanyakazi wengi ambao hata ada ya bima ni mzigo kwao, na wengine nyumba zao za udongo na makuti hukataliwa au hutozwa zaidi. Hao hatuwasahau. Lakini hata asiyekata bima aweza kufanya kazi ya mkaguzi bila senti moja: azunguke nyumba yake jioni moja, atazame nyaya, jiko, mtungi wa gesi na mbao za paa; afunge namba ya zimamoto, 114, mahali ambapo watoto wataiona.

Na wewe uliyekata bima, mkaguzi akibisha hodi, mfungulie. Vuta pazia, mwonyeshe ufa, kisha mwulize utazibwaje. Afadhali ufa huo uandikwe leo katika daftari lake kuliko kuandikwa kesho katika barua ya kukunyima fidia.